Njia ya Beneba

Kila asubuhi Beneba alichukua kibuyu akateremka mtoni. Amri ya kijiji chao aliijua tangu utotoni: usipite ulipopita jana. Leo ukipita kwenye mawe, kesho zunguka kwenye mianzi. Huku juu milimani Jamaika, watu waliotoroka utumwa katika mashamba ya miwa walisalimika kwa kutoacha alama.

Lakini kuzunguka kulichosha. Tangu mvua zikatike, Beneba, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akikata moja kwa moja katikati ya majani. "Miguu yenyewe midogo hivi," alijiambia. "Itaonekana wapi?"

Siku moja aliporudi alikuta watu wamejaa uwanjani. Kwashi, mlinzi wa kijiji, alisimama katikati ameinamisha kichwa.

"Kuna njia nyeupe kutoka mtoni hadi hapa!" alifoka Mama Akuba, mkuu wao. "Na wanajeshi wameanza kupanda mlima. Kwashi, wewe ndiye unayeshuka kila siku. Umetuuza?"

"Naapa, Mama, si mimi."

"Lete pembe."

Kwashi aliivua shingoni pembe ya ng'ombe aliyopigia tahadhari. Beneba alimtazama mdogo wake, Kwamina, aliyezaliwa hapa na hajawahi kumilikiwa na mtu yeyote. Akajipenyeza katikati ya watu.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Niliona uvivu kuzunguka. Kwashi hana kosa."

"Ee, mtoto wewe!" shangazi yake alijishika kichwa.

Mama Akuba hakumpiga. Alifikiri kidogo, kisha akawageukia watu. "Chukueni majembe. Njia hii tutaipeleka kwingine."

Ndipo Beneba alipoona jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Wanawake waling'oa majani pamoja na udongo wake, wakayapanda juu ya njia huku wakirudi kinyumenyume, wakiyamwagia maji. Wengine, wazee kwa watoto, walianzia pale pale mtoni wakakanyaga njia mpya hadi kwenye genge lenye poromoko refu, kwenda na kurudi. Beneba alikanyaga mpaka nyayo zikamwaka moto. Alipogeuka kuitafuta njia yake, hakuiona, ingawa alikuwa amesimama juu yake.

Mchana walilala kifudifudi juu ya mwamba. Wanajeshi wa makoti mekundu walifika mtoni, wakaonyeshana njia, wakacheka. Wakaifuata hadi ukingoni mwa genge, wakachungulia chini, wakatukana, wakarudi walikotoka. Beneba alishika mdomo kwa mshangao. Watu mia moja walikuwa pale, na hakuna hata mmoja aliyeonekana.

Mama Akuba alimrudishia Kwashi pembe. "Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, Mama." Kwashi alimgeukia Beneba. "Na wewe, miguu midogo, kumbe unachonga barabara!"

Watu waliangua kicheko, lakini Mama Akuba alimvuta Beneba karibu. "Ungenyamaza, tungebaki kumhukumu Kwashi hadi wanajeshi watukute hapa. Umesema kweli wakati bado tuna nafasi ya kutengeneza. Ila usidhani tena kwamba wewe ni mdogo. Mguu wako mmoja unaweza kuturudisha sote utumwani."

Kesho yake Beneba alizunguka kwenye mianzi. Alichelewa, na kibuyu kilimlemea. Mama Akuba alipomwona akitokea upande mwingine, aliinuka akaenda kumpokea mzigo, kama watu wazima wanavyopokeana.