Nyevu na Shangazi Kadzo Mkutanoni

Nyevu alikuwa mpishi wa mahamri mtaani Majengo. Kila asubuhi alikaa nje na karai lake, na wateja walikuja mmoja mmoja. Hivyo ndivyo alivyopenda. Watu wakiwa wengi, kifua kilimbana. Hata harusini alikaa karibu na mlango.

Aliishi na mumewe Kazungu, mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini, na shangazi yake Kadzo. Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mtu mzima, lakini mwepesi wa miguu. Mabomba yakikauka, yeye ndiye aliyetangulia kwenda kutafuta maji.

Siku moja gari la matangazo lilipita mtaani. Jumapili kungekuwa na mkutano mkubwa wa hadhara. Viongozi wangezungumza juu ya shida ya maji.

"Nyevu, nisindikize," alisema shangazi. "Nataka niwasikie kwa masikio yangu."

"Shangazi, si wanijua? Mimi na umati hatupatani."

"Mara hii tu, mwanangu."

Nyevu hakuweza kumkatalia.

Jumapili shangazi alivaa leso mpya na viatu vya kanisani. Walifika uwanjani mapema, wakasimama mbele kabisa, karibu na jukwaa. Shangazi alifurahi kama mtoto. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Watu waliendelea kuingia. Nyevu alitaka kujipangusa jasho, lakini hakuweza kuinua mkono. Mabega ya watu yalikuwa yamembana pande zote.

Moyo ulimwambia waondoke. Alimtazama shangazi yake, akaiona ile furaha. Akajiambia, "Ni woga wangu tu." Akanyamaza.

Hotuba zilipokwisha, vijana waliokuwa jukwaani walianza kurusha fulana za bure. Walio nyuma wakasukuma kwa nguvu. Nyevu alimshika shangazi mkono, akajaribu kurudi nyuma kuelekea lango waliloingilia. Lakini umati wote ulikuwa ukija mbele. Kiatu cha shangazi kikamvuka mguuni. Akainama kukiokota.

"Shangazi, kiache!" Nyevu alipiga kelele.

Mkono ukamponyoka. Shangazi akaanguka, na watu wakampita juu. Walimkanyaga bila kutaka, kwa kuwa nao walikuwa wakisukumwa.

Alipotolewa alikuwa hai, lakini nyonga ilikuwa imevunjika. Alilazwa hospitalini muda mrefu. Aliporudi nyumbani, hakuweza tena kutembea peke yake.

Jirani yao Fadhiya alikuja kumpa pole. Fadhiya alijitolea katika kikundi cha huduma ya kwanza.

"Kosa ni langu," Nyevu alisema huku akilia. "Niliona mapema kwamba tumebanwa. Nikanyamaza."

"Usijibebeshe yote," alisema Fadhiya. "Walioandaa mkutano walipaswa kufungua njia zaidi za kutokea. Wala hawakupaswa kurusha vitu katikati ya watu. Lakini iko haja ujue, ili siku nyingine uokoe mtu. Ukishindwa kuinua mkono, hiyo ni hatari. Ondoka wakati huo huo, kabla ya msukumo."

"Nilidhani ni woga."

"Mwili wako ulikuwa ukikuonya."

"Na msukumo ukishaanza?"

"Usishindane nao. Kunja mikono mbele ya kifua ili upate pumzi. Umati ukitulia kidogo, jongea kando, hatua kwa hatua, mpaka utoke pembeni. Kitu kikianguka, kiache. Ukianguka wewe, jitahidi kuinuka mara moja. Ukishindwa, lala ubavu, ujikunje, ukinge kichwa kwa mikono."

Shangazi aliyasikia yote akiwa kitandani. "Kumbe kiatu," alisema polepole. Akageukia ukutani.

Miezi ilipita. Mkutano mwingine ukatangazwa, nao juu ya maji. Kazungu alimwambia mkewe abaki nyumbani, lakini Nyevu alikwenda na wanawake wa mtaa. Kabla ya kuondoka walikubaliana mahali pa kukutana wakipoteana. Walisimama pembeni, karibu na njia ya kutokea. Watu walipoanza kubanana, Nyevu alisema, "Twendeni."

"Mapema hivi?" Eddah, mmoja wao, alinung'unika. "Hata hatujasikia la maana!"

"Tutalisikia tukiwa barabarani. Twende."

Walitoka wote. Walisikiliza vipaza sauti wakiwa ng'ambo ya barabara, kisha wakarudi salama. Tangu siku hiyo, hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyekwenda mkutanoni bila kwanza kupita kwa Nyevu kuuliza wasimame wapi.

Siku hiyo aliporudi, Nyevu alimkuta shangazi amekaa kitini mlangoni. Akamweleza yote.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Siku ile ungeniambia, Nyevu, ningetoka. Ningenuna, lakini ningetoka."

"Najua, shangazi," alisema Nyevu. Akamshika mkono, akamwinua taratibu, wakaingia ndani.