Mashati ya Pazia

Haya hayakunipata mimi. Mimi silipi kiingilio ili nitishwe, uzee unanitosha. Yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, siku alipowapeleka wanawe wawili kwenye bustani ya michezo.

Kwa kuogopa wasimpotee kwenye umati, alikata pazia lake kuukuu la njano akawashonea mashati mawili ya sare. Kitambaa kikaishia hapo, hata cha kiraka hakikubaki.

Wakapanda kigari kinachopita ndani ya handaki la kutishia watu, mama katikati, mtoto kila upande. Giza likawameza. Magurudumu yakasaga chuma, yakasaga, kisha kigari kikasimama humo ndani. Kimya.

"Mama, mwambie kaka aache kunivuta shati," binti akalalamika.

"Wewe! Mwache mwenzio, nitakufinya!"

"Mimi niko huku kwako, mama," kaka mtu akajibu kutoka upande wa pili.

Fundi akanyoosha mkono gizani, nyuma ya binti yake. Akagusa bega dogo, na begani mshono anaoujua, kwa kuwa ni wa mkono wake.

Kigari kikashtuka, kikatokea juani. Watoto walikuwa wawili, wazima. Akajicheka kwa woga wake.

Jioni akawavua, akatupia mashati kwenye beseni, akawaogesha, akarudi kufua. Ndani ya beseni mlikuwa na mashati matatu ya njano. Mawili yalikuwa yameshapoa. La tatu lilikuwa bado lina joto la mwili.