Diski Moja ya Papa Zagabe

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Cimpunda, mlimjua Papa Zagabe kama mtu mwangalifu. Jumapili moja, mwanzoni mwa 2025, alikaa uani na mkewe, Maman Emérence, akimwonyesha kompyuta yake. Gentil, fundi wa kompyuta, alikuwa ametoa diski ya zamani iliyochoka, akahamishia kila kitu kwenye diski mpya, na ile ya zamani ikatupwa. Humo mlikuwa na ushuhuda ambao Papa Zagabe aliukusanyia parokia kwa miaka kumi na minne: nani waliuawa katika vita vya kwanza vya hapa kwetu, miaka ya tisini, na walizikwa wapi. Mlikuwa pia na maneno ya marehemu baba yake Emérence kuhusu wanawe wawili waliouawa, kaka zake Emérence. Emérence hakuwahi kupata moyo wa kuyasoma.

"Hii ni SSD," Papa Zagabe alisema. "Haina kitu ya kuzunguka ndani. Hata ikianguka, haiwezi kufa."

"Na makaratasi ya zamani, yenye uliandika kwa mkono?"

"Washa nayo moto ya mbabula. Iko ya kazi gani tena?"

Makaa yalikuwa adimu, na karatasi zile ziliishia jikoni. Hata mimi jirani niliomba karatasi za kuwashia, sikatai.

Februari vita viliingia mjini. Askari walipekua nyumba kwa nyumba, na tulisikia kwamba aliyekutwa na majina ya namna hiyo harudi. Walipofika kwangu, Papa Zagabe alifuta kila kitu. Hakuhuzunika, maana zamani aliwahi kufuta faili kwa bahati mbaya, na Gentil akazirudisha zote.

Askari walipopita, alimwita Gentil. Kijana alihangaika siku mbili.

"Papa, ile ya zamani ukifuta, bitu binabakia ndani. Hii ya mupya inajisafisha yenyewe. Hamuna tena kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Papa."

Emérence alikuwa mlangoni. "Baba alisema waliwazika kaka zangu wapi?" akamwuliza mumewe. "Wewe uliandika. Kumbuka."

Papa Zagabe alikuwa ameandika habari za wafu mia nne. Alitaja kilima kimoja, akataja kingine, kisha akarudi kwenye kile cha kwanza, asijue ni kipi. Tangu siku hiyo Emérence humpikia na kumfulia, lakini hamsemeshi.

FUNZO

Diski haikuwa na kosa. Kosa ni letu, tulioweka wafu wote mahali pamoja, kisha tukachoma nakala ya pili kwa mikono yetu. Andikeni mara mbili, hifadhini nyumba mbili. Na kama mzee wako bado anapumua, nenda umsikilize leo, hata kama inauma. Emérence hana tena wa kumwuliza.