Kuni za Nabii Joël

Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Nusaiba akapita hivyo hivyo.

Golf GTI yake ilitoka Berea saa tano asubuhi, ikashika barabara ya kusini ikilifukuzia basi dogo jeupe, Quantum.

“Wanaelekea Rosettenville,” Luqman alisema kwenye kifaa cha sikioni mwake. Alikuwa makao makuu ya kikosi chao cha upelelezi, akiwafuata kwa droni. “Sanduku limo. Nimeliona likipakiwa.”

“Nani kalipakia?”

“Padri Jeremia mwenyewe.”

Nusaiba akaongeza mwendo.

Sandukuni mlikuwa na picha takatifu saba zilizoibwa katika nyumba ya watawa. Kongwe kuliko zote, ya Mama Maria, ilinusurika enzi ambazo wafalme wa Bizanti waliamuru picha zikwanguliwe na zichomwe, na watawa waliozificha wakachapwa mijeledi.

Kwa miezi mitatu ugomvi ule wa kale ulikuwa umefufuliwa Johannesburg. Nabii Joël, Mkongo mwenye kanisa Rosettenville, alihubiri kuwa kuipigia picha magoti ni kuabudu sanamu. Padri Jeremia, Mtanzania mwenye kanisa Berea, akajibu kwamba anayeibusu picha humbusu aliyechorwa. Waumini wakaanza kupigana. Mama Agnès, mfagiaji wa kanisa la Berea, alikuwa wodini tangu Jumapili, mbavu mbili zimevunjika, kwa kuwa alikataa kuiachia picha ya kanisa alipovamiwa.

Joël alikuwa ametangaza kwamba leo adhuhuri atazichoma hadharani zile picha saba. Jeremia naye aliwatuma waumini wake wakazuie.

Sasa kwa nini Jeremia mwenyewe alipakie sanduku ndani ya gari la Joël?

Quantum iliingia ua wa nyuma wa kanisa la Joël, ikamshusha Jeremia na sanduku. Nusaiba akaegesha kando ya duka dogo la spaza, akaruka ukuta, bastola ya Glock mkononi. Mbele ya kanisa watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamelizunguka rundo la kuni, wengine na watoto mgongoni.

Akachungulia dirishani.

Mahasimu wawili walikuwa wanakula kuku wa piripiri katika sahani moja.

“Bandia zikiungua, nani atazitafuta za kweli?” Joël alikuwa akisema. “Ndege ya mnunuzi inaruka saa nane.”

Jeremia akajifuta mafuta mdomoni kwa kitambaa cha mahameli kilichoifunika picha ya Mama Maria.

Nyumbani kwa mama yake Nusaiba, Tanga, hapakuwa na picha ya mtakatifu hata moja ukutani. Lakini alimjua Mama Agnès, aliyevunjwa mbavu.

Kolani mwa Joël mlining’inia maikrofoni ya mahubiri. Nusaiba akanyata hadi chumba cha mitambo ya sauti, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Spika za nje zikanguruma.

“Na watu wangu?” Ilikuwa sauti ya Jeremia.

“Chini ya kuni kuna petroli, padri, mon père. Watakaosogea wataungua. Katika vurugu hiyo sisi tunaondoka.”

Mtu alisikika akitafuna.

“Basi wasiwe wengi sana,” alisema Jeremia.

Nje watu wakaanza kurudi nyuma, mbali na kuni.

Chris, dereva wa Quantum aliyekuwa nao chumbani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka. Alichomoa bastola. Nusaiba, sasa yuko mlangoni mwao, akampiga risasi ya bega, akaipiga teke silaha yake.

“Kaeni chini. Mikono mezani.”

“Binti,” Jeremia alisema akiutazama mtandio wake, vidole vyake bado viking’aa mafuta, “wewe Mwislamu. Haya yanakuhusu nini?”

Nusaiba alichukua kile kitambaa kwa ncha za vidole, akakitupa mbali na sanduku.

Polisi walioitwa na Luqman walipowatoa nje wakiwa wamefungwa pingu, umati ulifungua njia bila kurusha hata jiwe. Mwanamke mmoja wa kanisa la Joël aliweka chini kuni alizokuja nazo. Akamsogelea Nusaiba, akaliangalia sanduku.

“Nataka kusaidia kulibeba,” alisema. “Ila sijui nishike wapi.”

“Shika pembeni, dada. Taratibu.”

Mzee mmoja wa Berea alishika upande wa pili. Wakaondoka nalo polepole.

“Umemaliza?” Luqman aliuliza sikioni.

“Nimemaliza. Sharp, mambo safi.”

Akavaa miwani ya jua, akalipita rundo la kuni bila kugeuka.