Upepo Uliobaki Kwenye Mpira

Kila asubuhi niliamshwa na mashine. Si jogoo, si saa, wala mtu wa kuniita jina langu. Kompresa ya shangazi ilianza kunguruma saa moja kasoro, ukuta wa chumba changu ukatetemeka, nami nikajua kumekucha. Nilitandika kitanda, nikafagia ua, nikachemsha chai ya watu wawili, nikanywa peke yangu. Kikombe cha shangazi nilikifunika kwa kisahani. Mara nyingi alikikumbuka chai ikiwa imeshapoa.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa kupulizia rangi. Mtaani walimwita Mama Rangi. Milango, baiskeli na vitanda vya chuma viliingia kwenye chumba chake cha kazi vikiwa na kutu, vikatoka vinameremeta. Alitumia bunduki ya rangi. Usiogope, haina risasi. Kompresa hukusanya upepo kwenye tangi lake, upepo hupita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bunduki, na fundi akivuta kifyatulio, upepo ule huichukua rangi na kuitawanya kama ukungu mwembamba. Hayo yote niliyajua kwa kuchungulia tu. Mlangoni shangazi alichora mstari mweupe sakafuni, na mimi nilikatazwa kuuvuka.

Akiwa kazini alivaa ovaroli, glavu, miwani mikubwa na barakoa nene yenye vichujio viwili mashavuni. Nikimsemesha, alinyoosha kiganja: simama hapo hapo. Basi kutwa nzima niliishi na mtu asiye na uso. Jioni alivua barakoa, lakini kufikia hapo alikuwa hoi, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. "Umekula? Umesoma? Haya, kalale."

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba ni dereva wa malori ya safari ndefu. Nimelelewa kwa bibi mpaka alipougua, kisha kwa mama mdogo mpaka alipojifungua pacha na nyumba ikajaa, kisha kwa shangazi. Shule hii ilikuwa ya tatu kwangu katika miaka miwili. Wanafunzi waliniita Mgeni. Mwalimu wa hesabu, naye mpya, alidhani ndilo jina langu, akaliandika kwenye daftari la mahudhurio. Darasa lote lilicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Bibi alipenda kusema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mimi nilikuwa na miezi mitatu na jembe sikupewa. Nilipika na kufagia, ndiyo, lakini katika kazi yake hasa shangazi hakunipa hata kipande cha msasa nisugue kutu. Na chakula changu hakukisifia. Bibi alikuwa akiingia jikoni anauliza, "Leo nini kinanukia hivi?" Shangazi hakuwahi kuuliza hivyo. Siku moja niliunguza vitunguu makusudi nione kama atanigombeza. Alipita mlangoni, nyumba nzima inanuka, wala hakugeuza kichwa.

Ijumaa moja nilimsikia akizungumza na baba kwa simu uani. "Hapana, kaka," alisema. "Hapa si mahali pa mtoto. Ukirudi, tutafute mahali pengine."

Sikungoja kusikia zaidi. Nilijifungia chumbani, nikaanza kuhesabu ndugu waliobaki ambao sijakaa kwao. Hakukuwa na hata mmoja.

Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na vitanda vinne vya chuma vya kumaliza. Vilikuwa vya jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Alipaswa kuvichukua saa nane mchana. Vitatu vilikuwa tayari. Shangazi alichanganya rangi ya cha nne, akaishika barakoa yake, akavikagua vile vichujio, akaguna.

"Hivi vimechoka," alisema. "Naenda kutafuta vingine."

"Lakini shangazi, kimebaki kitanda kimoja tu," nilisema.

"Hata ungebaki mguu mmoja wa kitanda, bila vichujio sipulizi. Usivuke mstari. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Alipofunga lango, nilibaki nimesimama pale mlangoni. Bunduki ilikuwa juu ya meza, rangi ya bluu imejaa kwenye kikombe chake. Nikawaza: akirudi akute kitanda kimekamilika, atamwambia baba maneno mengine. Atasema, mtoto huyu ana faida, mwache akae. Nikapiga moyo konde, nikauvuka mstari.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kujua nusu. Nilijua adui mkubwa wa fundi rangi ni vumbi. Nilishamwona shangazi akikisugua na kukirudia kitanda kizima kwa sababu ya chembe ambazo mimi hata sikuziona. Kwa hiyo nilifunga mlango, nikafunga madirisha yote mawili, nikazima na ile feni kubwa ya ukutani iliyotoa hewa nje. Sasa vumbi litapita wapi? Nilijiona fundi hodari. Barakoa sikuihitaji, nilijiambia, maana ni kitanda kimoja. Nilijifunga kitambaa puani, nikawasha kompresa.

Mwanzoni ilikuwa raha, sitadanganya. Bluu ililala kwenye chuma kama ngozi. Nilikwenda huku na huku kama nilivyomwona akifanya. Lakini kabla sijamaliza upande mmoja, kichwa kilianza kunigonga na miguu ikalegea. Harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilipenya kwenye kitambaa kana kwamba sikuvaa kitu. Kisha bunduki ikaanza kukohoa. Ikatema matone, ikatema tena, ikaziba.

Nilizima kompresa kwenye swichi ya ukutani. Mngurumo ukakatika na chumba kikawa kimya kabisa. Imezimwa, nikawaza, sasa haina nguvu. Niliinua bunduki, nikaleta mdomo wake karibu na uso ili nione uchafu ulioziba, na kidole changu kikalala juu ya kifyatulio.

Pshhh!

Rangi na thina zilinipiga kwenye jicho la kushoto. Nilipiga ukelele. Moto wa jicho lile siwezi kuueleza. Pilipili ingekuwa nafuu. Nilipapasa mlango, nikakimbilia bombani, nikajimwagia viganja viwili vya maji, kisha nikasugua kwa ngumi, na kusugua kukazidisha. Halafu nikasikia lango linafunguliwa, na hofu ikashinda maumivu. Niliufunga mlango wa chumba cha kazi, nikakaa kwenye ngazi ya jikoni, nikainamisha kichwa.

Shangazi alikuja moja kwa moja mpaka nilipoketi. "Jicho lina nini?"

"Vumbi," nilisema. "Vumbi limeniingia."

Nilikuwa nanuka thina kutoka nywele hadi kandambili. Nilijua sasa ataninusa na mambo yatakwisha. Lakini shangazi aliinama, uso wake ukawa shubiri moja kutoka wangu, na hakunusa chochote. "Usilisugue," alisema. "Litatoka lenyewe na machozi." Akainuka na vichujio vyake vipya, akaelekea chumba cha kazi.

Nilikuwa nimeokoka. Ningeweza kunyamaza, na kwa dakika nzima nilinyamaza. Kisha nikaliziba jicho zuri kwa kiganja, nikatazama ua kwa lile la kushoto. Ua haukuwapo. Kulikuwa na ukungu mweupe, na ndani yake kivuli cha shangazi kikiondoka. Hapo ndipo nilipoona upweke wa kweli: kuumia na kumwacha anayeweza kukusaidia aende zake.

"Shangazi!" niliita. "Si vumbi! Ni rangi. Ni rangi na thina. Nimedanganya!"

Aligeuka, akaja mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Hakuuliza kwa nini, hakugomba. Alinishika nyuma ya kichwa, akanilaza chini ya bomba jicho likiangalia upande, akalifungua kwa vidole vyake na kuacha maji yatiririke polepole.

"Inatosha, shangazi, inauma!"

"Bado. Lia, piga kelele, nitukane ukitaka. Lakini kichwa usikitoe."

Aliliosha kwa robo saa nzima, akiitazama saa yake. Kisha akaita juu ya ukuta, "Cheche! Lete gari! Mtoto wangu ameumia!" Kabla ya kupanda alichukua kopo la thina na la rangi, akayafunga vizuri, akayatia kwenye mfuko wa plastiki. "Daktari lazima asome mwenyewe kilichoingia," alisema. Cheche, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, aliendesha akipiga honi njia nzima.

Kwenye zahanati, muuguzi alifungua faili. "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mzazi," alisema shangazi.

Muuguzi alinitazama, akamtazama. "Mama yake?"

"Nimesema mzazi. Andika."

Daktari alinipima kwa taa ndogo, akatia dawa, akalifunika jicho. Alisema utando wa juu umechubuka lakini utapona. "Kilichomwokoa ni maji," alisema. "Angekaa saa mbili na thina ile jichoni, tungekuwa tunazungumza mengine."

Tuliketi kwenye benchi la nje tukisubiri dawa. Nilitaka kueleza yote mara moja, yakatoka yamechanganyika: kitanda, vumbi, madirisha, simu, baba, mahali pengine. "Nilitaka uone nina faida," nilimaliza, "ili usinirudishe."

Shangazi alinishika mkono. "Ulisikia nusu ya simu, mwanangu," alisema. "Nilikuwa namwambia baba yako kwamba chumba cha kazi hakifai kuwa ubavuni mwa chumba unacholala. Tunatafuta mahali pengine pa kuhamishia mashine. Mashine, si wewe."

Niliegemeza kichwa begani kwake.

"Unadhani kwa nini sikukunusa pale nyumbani? Pua yangu imekufa. Nilipoanza kazi hii nilijifunga kitambaa kama ulivyofanya leo, nikafunga madirisha kwa kuogopa vumbi, kama ulivyofanya leo. Kitambaa huzuia vumbi. Mvuke wa rangi hukipita kama haupo. Sasa ni miaka kumi, na sijui maua yananukaje wala mboga zako zinanukaje. Ule mstari ni kwa ajili ya pua yako na mapafu yako. Kosa langu ni kwamba niliuchora nikadhani umejieleza."

"Na vile vitunguu?" niliuliza. "Niliviunguza makusudi."

"Viliungua?" Alicheka mpaka watu wa benchi la pili wakageuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake.

Kisha akanigeukia, uso wake umekuwa wa kazi. "Sasa sikiliza. Ulizima mashine, ikanyamaza, ukadhani imeisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Upepo ulibaki kwenye tangi, ukabaki na kwenye mpira, unangoja kidole tu. Fundi akizima, hufunga upepo unaotoka kwenye tangi, kisha huelekeza bunduki mbali na watu na kuvuta kifyatulio mpaka iache kufoka. Ndipo huufungua mpira, ndipo huisafisha. Na mdomo wa bunduki hauelekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu, seuze usoni pako. Bunduki ikiziba, nitaisafisha. Ikivunjika, nitapata nyingine. Jicho halina duka."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini kuna jambo moja kubwa kuliko bunduki. Pale kwenye ngazi ulificha kwa sababu uliogopa kunikosa. Anayekupenda hawezi kukuponya jeraha asiloambiwa. Ukikosea, sema. Ukiwa mpweke, hilo nalo ni jeraha, sema pia. Nikiwa na mashine sikusikii, kwa hiyo simama nje ya dirisha, mahali ninapokuona, uinue mkono. Nitazima."

Baada ya wiki mbili jicho lilifunguliwa, na nikaona vizuri. Baba alikuwa amerudi kutoka safari, yeye na Cheche wakahamishia mashine kwenye kibanda cha mwisho wa uwanja mtupu uliokuwa nyuma yetu, mbali na nyumba na mbali zaidi na moto wa kuchomelea. Shangazi aliniambia bunduki nitaishika nikifikisha umri wa kujifunza ufundi, nikiwa na barakoa inayonitosha. Kwa sasa alinipa msasa na miguu ya kiti iliyojaa kutu, tukawa tunasugua pamoja jioni, mashine ikiwa imezimwa.

Jumatatu nilirudi kutoka shule saa tisa. Kompresa ilikuwa inanguruma kule uwanjani. Niliweka begi chini, nikaenda nikasimama nje ya dirisha la kibanda. Moyo ulinidunda kama wa mtu aliyekuja kuomba kitu kikubwa. Nikainua mkono.

Shangazi alinitazama kupitia miwani yake. Alizima mashine. Alifunga upepo wa tangi, akaelekeza bunduki ukutani, akavuta kifyatulio. Nilisikiliza upepo ukitoka, ukipungua, ukiisha. Akaweka bunduki mezani, akatoka nje, akavua glavu, miwani na barakoa, uso wake ukiwa na jasho na wasiwasi.

"Kuna nini, mwanangu? Umeumia?"

"Hapana," nilisema. "Shikamoo, shangazi."

Alinitazama kidogo, kisha akaketi kwenye tofali, akapapasa tofali la pembeni yake nami niketi.

"Marahaba," alisema. "Haya, nieleze habari za shule. Zote."