Chumba cha Futi Sita kwa Tatu

Jumatatu ile, Makarius alipofungua ofisi yake ya kuchora ramani, nyumbani kwake mtaa wa Lizaboni, alikuta chumba ambacho hakukichora. Kilikuwa konani mwa ramani ya nyumba ya kinamama, futi sita kwa tatu, hakina mlango, na mistari ni ya mkono wake mwenyewe. Akakikwangua kwa wembe. Mchana kikawa kimerudi, na ofisi inanuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Serikali ilimpunguza kazini mwaka wa tisini na nne. Wenzake waliwafuata wenye maghorofa. Yeye akawachorea wanyonge: chekechea, banda la mashine ya kusaga, na sasa nyumba ya wajawazito wa mbali kusubiria siku zao. Desturi yake ilikuwa kushinda kiwanjani na wenyewe, akiuliza hili na lile, kabla hajagusa karatasi. Safari hii hakwenda. Tangu amzike mkewe Notburga alichoka kuonana na watu, akachora kwa vipimo vya kuletewa. Nasi majirani, Mungu atusamehe, hatukumpigia hodi.

Jumatano, mvua ya alasiri ikipiga bati, alisikia mtu akihema nyuma yake, polepole, kama mwanamke aliyepanda mlima na mzigo, akataka kugeuka na shingo ikakataa, na ile harufu ya udongo ikamjaa kinywani mpaka akaionja, ndipo sauti ikasema sikioni mwake, bila hasira, "Wote umewapangia pa kulala. Mimi je?"

Ilimpasa akimbie. Akauliza, "Umekula?" Mwezi mzima hakuwa amezungumza na mtu ndani ya nyumba ile.

Alhamisi akaja Mama Devota, mwenyekiti wa kinamama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ramani iko wapi? Isipofika halmashauri kesho, kiwanja anapewa mfanyabiashara. Au unataka tuzalie njiani?"

"Haijaisha."

"Mbona naiona imeisha?" Akavuta pua, akashusha sauti. "Humu ndani umefukia nini?"

Makarius akainama. "Nimekosa, mama. Sikufika kiwanjani. Kuna mtu kule, sasa yuko hapa. Ramani ikitoka ataondoka nayo, na mimi... nimemzoea."

Mama Devota akaishika rozari yake. "Yesu na Maria! Kona hiyo ya kiwanja kalala mama mmoja. Alikufa na mimba yake akikimbizwa hospitali ya Peramiho, wakamzika hapohapo, hata jina hatulijui. Tulijua utauliza. Wewe si huwa unauliza?"

Jioni hiyo katekista Rupert akasali juu ya kaburi, wakasimika msalaba. Makarius akasogeza ukuta kando, kile chumba kikafutika, na Ijumaa ramani ikapigwa muhuri.

Ofisini hapakuwa tena na harufu wala pumzi. Alivumilia siku moja. Jumapili baada ya misa alikwenda kaburini peke yake, akanong'ona, "Mama, kwangu kuna nafasi."

Jumatatu Mama Devota alimkuta sokoni, akamcheka. "Msiri wewe! Nimepita kwako kukushukuru. Napiga hodi, mkeo mpya ananiitikia ndani: karibu, mwenyewe katoka."

"Amekuitikia?"

"Kwa heshima kabisa. Ila anahema huyo, kama mjamzito..." Kicheko kikamkauka mdomoni.

Makarius hakumsikia. Alishanunua mafungu mawili ya dagaa wa Nyasa, anaondoka kwa haraka, kama mtu anayesubiriwa nyumbani.