Aliyepita Mlango wa Mbele

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya tarehe 16 Aprili 1994, Bi Sabrina, mjumbe wa wafadhili kutoka Dar, aliigeuza bahasha ya mtihani chini juu akaona imechanwa kwa wembe.

Lakiri ya juu ilikuwa nzima, na mhuri wake unasomeka. Aliyechana alipita upande wa chini, kisha akaubandika tena kwa gundi. Karatasi kumi na moja zilikuwemo zote. Kaseti nayo ilikuwemo. Bi Sabrina aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkanda wote ulikuwa umehamia upande wa kulia.

"Niliirudisha mwanzo kwa mkono wangu, Dar," alisema. "Mtu ameisikiliza mpaka mwisho."

Mlangoni alisimama Ambilikile, mlinzi, kofia mkononi, koti likichuruzika maji ya mvua. Kwa miaka ishirini na miwili alisoma mizani ya mpunga na kakao katika jengo hilohilo, lilipokuwa bado la ushirika. Macho yake yalizoea kuona vitu vidogo. Kwenye kona ya kaseti aliona nukta nyekundu, haizidi punje ya ulezi. Alama kama hiyo aliwahi kuiona kwenye kaseti za duka la Mbugani, ila hakuulizwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kupima Kiingereza. Mradi mmoja wa wafadhili ulitaka wahudumu wa zahanati wa kupeleka ng'ambo kusomea uuguzi, miaka miwili, kila kitu bure. Kyela ilipewa nafasi moja. Masharti yalikuwa mawili: ufaulu kusoma, kuandika na kusikiliza kaseti, na umri wako usifike miaka thelathini. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwamo Naomi, mke wa Andongwisye, kijana wa kiume wa Ambilikile. Naomi angetimiza thelathini mwezi wa nane. Andongwisye alivuka mpaka wa Kasumulu mwaka wa tisini kwenda kutafuta maisha, na hajatuma hata salamu.

Miezi sita Naomi alijifunza. Jioni, akigeuza kakao kwenye mkeka nyuma ya ukuta wa mianzi, alisoma kwa sauti maneno ambayo Ambilikile hakuyaelewa hata moja. Mzee alikaa upande wake wa ukuta, akasikiliza. Naye Naomi aliweka chakula cha mzee juu ya jiwe, akakohoa, akaondoka. Ndipo mzee alipotoka kula. Tangu mke wa Ambilikile afe, kwa kukosa dawa katika wodi ambayo hela ya kuchangia ilidaiwa kabla mgonjwa hajaguswa, kikohozi kile kilikuwa ndicho kitu pekee kilichomwambia kwamba bado ana mtu.

Saa tatu kasoro dakika kumi alifika Sajini Kheri wa polisi, mtu wa Tanga, mwezi wake wa pili Kyela. Aliangalia kabati la ofisini lililohifadhi bahasha. Halikuvunjwa. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Nani kauweka huo ufunguo hapo?"

"Mimi," alijibu Bwana Telesphory, afisa msimamizi wa kituo hicho cha masomo, aliyehamishiwa hapo mwezi wa kwanza. "Ofisi ina mlango mmoja, afande, na mlango una mlinzi. Ningeogopa nini?"

Sajini alimgeukia mlinzi.

"Mzee, jana ulikuwa wapi?"

"Palepale. Kwenye ngazi ya mbele."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Hukwenda hata kujisaidia?"

"Nilikwenda saa saba. Bahasha ililetwa saa nane."

"Haya. Baada ya saa nane nani aliingia ofisini?"

"Bwana Telesphory."

"Na nani tena?"

"Bwana Telesphory."

"Nakuuliza mtu mwingine, mzee!"

"Na mimi nakujibu, afande. Alitoka saa tisa, akarudi saa kumi na moja. Wanafunzi walikuwa darasani, na darasa lina mlango wake nyuma, kule kwenye mpunga."

"Alitoka na nini?"

"Begi lake."

"Ukalipekua?"

Ambilikile alimtazama kama aliyeulizwa iwapo huwa anapekua mifuko ya mkuu wa wilaya. "Begi la bosi, afande? Mimi nimeshapunguzwa kazi mara moja. Inanitosha."

Sajini hakucheka. Alifunga daftari. "Basi nikwambie. Kuna shahidi ameandika maelezo. Anamtaja mkweo Naomi kuwa aliingia ofisini jana. Tumemfungia stoo. Na wewe usiende mbali, maana shahidi anasema ulimwona ukamwachia."

Ambilikile alisogea karibu na lile daftari. Aliomba asomewe hayo maelezo. Aliambiwa si kazi yake.

Bi Sabrina ndiye aliyemwonea huruma, au labda alikuwa na haraka tu. Alikuwa na mtihani wa akiba na kaseti yake ndani ya sanduku lake mwenyewe. "Tutafanya saa nane mchana," alisema. "Saa kumi gari langu linarudi Mbeya. Mpaka saa nane nikiwa sijajua mwizi, huyu binti hafanyi mtihani. Na mwakani umri utakuwa umempita."

Saa nne na nusu Ambilikile alikuwa mtaa wa Mbugani, kwenye duka la Ahmada. Ahmada aliuza betri, viatu vya mitumba na redio, na nyuma ya kaunta alikuwa na redio kubwa ya kaseti mbili. Humo alirekodi taarabu, rumba na kwaya, kila mtu na chake.

"Karibu mzee wangu. Leo umekuja kununua au kuangalia?"

"Nimekuja kuuliza nukta nyekundu."

Ahmada alicheka, akafungua droo. Kaseti kumi na kitu, kila moja na nukta kwenye kona. "Rangi ya kucha ya binti yangu Salma. Mwaka juzi mteja alileta kaseti mbovu, nikamrekodia, kesho yake akarudi kulia kwamba nimembadilishia nzuri yake. Tangu hapo chochote kinachopita mikononi mwangu nakitia alama."

"Jana ulitia alama kaseti ya Wazungu wanaoongea."

Kicheko kikaisha. Ahmada alichungulia barabarani, kisha akarudi karibu.

"Baada ya sala ya Ijumaa. Saa tisa na nusu hivi. Nilidhani ni mafundisho. Mzungu anauliza tiketi ya treni, mwenzake anamjibu. Nilirekodi, nikarudisha yake na nakala."

"Nani aliileta? Mwanamke?"

"Mwanaume. Na viatu vyake vya ngozi, matope haya yote."

"Jina."

"Mzee Ambilikile." Ahmada alishusha sauti. "Leseni yangu inaisha mwezi wa sita. Kila anayekaa kwenye ofisi zile anajuana na mwenzake. Ushirika ulipokufa wewe ulifukuzwa, wao walibadilisha viti. Nikisema jina, nani atanilinda? Wewe na kirungu chako?"

"Wanamfunga mtoto wa watu."

"Najua. Nisamehe." Akamsukumia betri mbili za redio kama mtu anayetoa rambirambi.

"Ndaga," Ambilikile alishukuru kwa Kinyakyusa, akaziacha juu ya kaunta.

Alirudi na mvua. Njiani alijipangia hesabu yake kama alivyopanga magunia. Kaseti ilitoka nje ya jengo jana baada ya saa nane. Ofisi ina mlango mmoja. Mlangoni alipita mtu mmoja, mwenye viatu vya ngozi. Lakini neno la mlinzi aliyeishia darasa la nne lingesimamaje mbele ya neno la afisa?

Saa nane kasoro robo wote walikuwa ofisini: Bi Sabrina mezani, Sajini Kheri amesimama, Telesphory amekaa na begi miguuni. Watahiniwa walijazana nje ya dirisha la wavu. Mmoja wao, Glory, mpwa wake Telesphory aliyekuja kwa mjomba wake mwezi wa pili, alisimama nyuma kabisa akikumbatia mkoba.

"Mama," Ambilikile alimwambia Bi Sabrina, "kaseti ile ina nukta nyekundu. Ni alama ya Ahmada wa Mbugani. Ilipelekwa kwake jana saa tisa na nusu ikarekodiwa nakala. Aliyeipeleka ni mwanaume."

Bi Sabrina aliiangalia kaseti, akaikwaruza nukta kwa ukucha. "Ni kweli, sikuituma hivi."

"Huyo Ahmada yuko wapi aseme mwenyewe?" aliuliza Telesphory.

"Hakuja."

"Hakuja!" Telesphory alitabasamu. "Na hata angekuja, binti anaweza kumtuma mwanaume yeyote. Afande, tupoteze muda mpaka lini?"

"Basi nisomewe maelezo," alisema Ambilikile. "Mimi nimetajwa humo. Hata mwizi wa kuku husomewa."

Sajini alimwangalia Bi Sabrina, naye akaitikia kwa kichwa. Sajini akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya kituoni:

"Mnamo saa kumi kamili, nikiwa narejea kutoka posta, nilimwona Naomi akitoka mlango wa mbele wa ofisi akiwa ameficha kitu ndani ya kitenge. Alisimama mbele ya baba mkwe wake aliyekuwa amekaa kwenye ngazi. Alipiga goti, akamwamkia shikamoo baba. Mzee alimshika mkono, wakaongea kidogo wakicheka, kisha binti akaondoka. Nilidhani ni mambo ya kifamilia. Mimi, Telesphory."

Halafu nje ya dirisha mtu mmoja aliangua kicheko. Akafuata wa pili. Mara dirisha zima lilikuwa linacheka, watu wakishikana mabega, na Hezroni wa zahanati ya Bujonde akapaza sauti:

"Afande! Huyo shahidi wako hiyo Kyela aliyoiona ni ipi? Mkwe kashikwa mkono? Na wakacheka?"

"Nyamazeni!" Sajini aling'aka. "Kuna nini cha kuchekesha?"

Ambilikile hakucheka. Alipoongea alikuwa anaangalia sakafu, maana jambo lenyewe lilikuwa la aibu kulisema mbele ya wageni.

"Afande, huku kwetu mke wa mtoto wako hasimami mbele yako. Hakuangalii, hakuamkii, hatamki jina lako. Mkikutana njiani yeye anaingia kwenye migomba mpaka upite. Wako walioacha, wa dini na wa mjini. Mimi na Naomi hatujaacha. Ameolewa miaka sita, na uso wake nikiulizwa ulivyo siwezi kukueleza. Miezi sita anakuja darasani hapa kwa mlango wa nyuma, matope mpaka magotini, kwa sababu mbele nimekaa mimi. Waulize hawa."

"Ni kweli!" liliitika dirisha.

"Kama mimi niko kwenye ngazi, Naomi hawezi kuingia ofisi hii. Hata nyumba ikiungua. Anayesema aliniona nimemshika mkono hakuona kitu. Alitunga. Na alitunga kwa sababu ni mgeni, akadhani salamu ndiyo itatufunga wote wawili."

Sajini Kheri alifunga daftari polepole. "Bwana Telesphory, fungua begi."

"Huna kibali!"

"Nakala iko kwangu, mjomba." Glory alikuwa ameshaingia. Aliweka kaseti juu ya meza, mpya, bila lebo, na nukta nyekundu kwenye kona. Machozi yalimtiririka. "Nilikwambia sitaki. Naomi ndiye aliyekuwa ananielekeza masomo."

Telesphory aliangalia zile kaseti mbili. Tabasamu lilikwisha, lakini hofu haikuja. Kilichokuja ni uchovu.

"Baba yake amekufa kaniachia watano," alisema. "Mshahara wa mwezi wa pili sijauona. Naomi alikuwa wa kwanza katika kila jaribio, na nafasi ni moja. Nifanyeje? Mnanitazama mimi kama mwizi wa kwanza nchi hii. Viwanda vimekwenda, ushirika umekwenda, na wote mnawajua waliokula. Mimi nimeiba nusu saa ya Mzungu anayenunua tiketi."

"Umemwibia Naomi," alisema Ambilikile.

Sajini alimtia pingu. Ambilikile alitoka kwanza, akazunguka mpaka nyuma ya choo, ili Naomi atolewe stoo na kupita.

Saa nane na dakika ishirini watahiniwa walikuwa wamekaa, Naomi dawati la mwisho, kalamu mkononi. Kaseti ya akiba ilikuwa tayari redioni. Bi Sabrina alikwenda posta kupiga simu Dar, kutoa taarifa tu, alisema. Alikaa huko dakika arobaini. Aliporudi hakuvua koti.

"Wamefuta kituo," aliwaambia. "Msimamizi akihusika, kituo kizima kinafutwa. Nimewaambia nina akiba, nimewaambia mwizi kapatikana. Nafasi ya Kyela wameshaipeleka kwingine."

"Wamempa nani?" aliuliza Hezroni.

"Jina walikuwa nalo tayari," alijibu Bi Sabrina, na hakuweza kumwangalia mtu. Alichomoa waya wa redio. Saa kumi gari lake likaondoka.

Telesphory alilala kituo cha polisi siku tatu. Mwezi wa tano alihamishiwa wilaya nyingine, kiti kilekile. Glory alirudi kwao. Leseni ya Ahmada ilihuishwa.

Lakini kabla ya hayo, Jumapili jioni, siku moja baada ya mtihani kufutwa, nyuma ya ukuta wa mianzi kakao iligeuzwa bila sauti. Ambilikile alisubiri maneno yale ya siku zote. Hayakuja. Alisikia sahani ikiwekwa juu ya jiwe, lakini kikohozi hakikufuata. Naomi alikuwa bado amesimama pale.

Ndipo akaongea. Si kwa Kinyakyusa, maana kimekatazwa. Si kwa Kiswahili, maana ni katazo lilelile. Alisema kwa Kiingereza, sentensi moja ndefu, polepole, mpaka mwisho. Kwa miaka sita hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mkwe wake, na lugha ile mila haikuwahi kuifikiria.

Kisha akakohoa, akaenda.

Ambilikile alibaki ameshika mianzi. Hakujua kama ameshukuriwa, au amelaumiwa, au ameagwa. Alijaribu kuishika ile sauti ilivyopanda na kushuka, ili kesho amuulize mtu. Akawahesabu wanaojua Kiingereza vizuri Kyela nzima. Wote walikuwa wa zile ofisi, ila mmoja wa upande ule wa ukuta, naye asingeweza kumuuliza.

Chakula kilipoa juu ya jiwe.